Kabati Lisilo na Mgongo

Niseme mapema tusije tukalaumiana: mdomo wangu ni mkali. Nimekuwa fundi cherehani miaka thelathini na zaidi, na wateja wangu wanajua kwamba ukileta kitambaa cha mita mbili ukataka gauni la mita tatu, utapewa vidonge vyako hapo hapo mlangoni. Kwa hiyo mtu aliyefanya kazi nyumbani kwangu miezi mitatu, akameza maneno yangu asubuhi na jioni na bado akaniachia ukuta uliosimama, mtu huyo anastahili kusimuliwa. Mtaani wanamwita Fundi Kesho. Jina hilo nilimpa mimi.

Nilimpa zamani, nikiwa msichana. Ngazi yetu ilikuwa na kipandio kimoja kilicholegea, Baba akamwomba rafiki yake huyo, fundi wa mawe na chokaa, akitengeneze. Nikamuuliza, "Fundi, lini?" Akasema, "Kesho." Kesho ikawa wiki tatu. Siku alipotokea na ndoo yake nilipiga kelele dirishani, "Jamani, Fundi Kesho kafika!" Mtaa mzima ukacheka, na jina likamganda. Hata mkewe humwita hivyo akimkasirikia. Kipandio chenyewe, nikiri, hakijatikisika tena hadi leo.

Kila Jumanne alikuja kucheza drafti na Baba. Jumanne ndiyo siku yangu ya kwenda sokoni kununua uzi na vitambaa, nikirudi nawakuta wawili hao wamekaa chumba cha kulia, ubao katikati, na sakafu yangu imejaa unga mweupe wa miguu ya Fundi. Nilimsema! "Fundi, huna maji kwenu?" Baba alikuwa akicheka mpaka anakohoa. Alikuwa mtu wa kiwanda cha uchapaji, Baba, na mkono wake wa kulia ulikuwa na vidole vinne. Cha shahada kilibaki mtamboni. Watoto wakimuuliza kiko wapi, aliwaambia, "Nimekiazima mashine, bado haijanirudishia."

Nyumba ni ya mawe, ya tangu enzi, kuta zake nene kiasi kwamba mtu mzima anakaa kwenye ukingo wa dirisha akakunja miguu. Chini mbele ni cherehani zangu mbili na meza ya kukatia. Nyuma yake ni chumba cha kulia. Juu ndiko ninakolala. Baba alituachia mimi na kaka yangu, lakini Kaka ana mke, watoto na nyumba yake ya matofali upande wa pili wa mji. Mimi sina kwingine. Ikianguka hii, naanguka na cherehani zangu.

Na ilikuwa karibu kuanguka. Baba alipofariki, miaka miwili iliyopita, ukuta wa nyuma wa chumba cha kulia ulianza kufura. Kwanza rangi ikatoka malengelenge, kisha ufa, kisha tumbo kabisa, ukuta umetokeza kama mtu aliyeshiba. Nilidhani nyumba inamlilia Baba. Msinicheke, mtu ukiwa na msiba unadhani mengi.

Ndipo akaja mkaguzi wa majengo, kijana mpole mwenye daftari. Aliugonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akagonga tena. Kisha akatoka nje na kopo la rangi, akauchora alama nyekundu ya X kubwa kuliko mlango.

"Mama, nakupa miezi mitatu, kabla ya mvua," alisema. "Nikirudi nikaukuta ukuta umenyooka na mzima, naifuta alama. Nikiukuta hivi, nyumba yote inabomolewa. Na usije ukaufunika kwa saruji ukadhani sitajua. Nyumba hii ni ya chokaa, mtafute mtu wa chokaa."

Toka siku hiyo kila aliyepita nje aliisoma ile X, akanigeukia na kuniambia usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali nzuri, lakini ukiambiwa na watu kumi na nne kwa siku moja unatamani kurusha pasi. Nilikuwa nimeshaziba ufa, mimi! Nikiwa na miaka ishirini, mshahara wangu wa kwanza wa kiwanda cha nguo, Baba kaenda kumwona dada yake, nikaita fundi akaupiga ukuta huo huo lipu ya saruji juu hadi chini. Chokaa ya zamani ilikuwa inapukutika kwenye sahani, tunakula vumbi. Baba aliporudi alisimama mbele ya ukuta na mfuko wake mkononi, akaupapasa, kisha akasema, "Umeniheshimu, mwanangu." Kila mgeni aliyekuja baada ya hapo alionyeshwa ukuta. Mshahara wangu wa kwanza huo, nilikuwa nawaambia, pigeni hodi muone ulivyo mgumu.

Kaka hakutaka mambo mengi. "Mdogo wangu, acha ibomolewe. Tupandishe matofali, vyumba sita, madirisha makubwa."

"Na wakati unapandisha, mimi nalala wapi? Kwenu kuna godoro langu?"

"Nafasi haikosi."

"Aliyekuambia hivyo hajamuuliza wifi yangu."

Akacheka, lakini alikuwa na fomu ya kukubali kubomolewa tayari mfukoni, imebaki sahihi yangu na yake. Nikamwambia aikunje airudishe ilikotoka, nina miezi mitatu. Kisha nikapiga moyo konde nikaenda kubisha hodi kwa Fundi Kesho. Mtu wa chokaa aliyebaki mji mzima ni yeye. Wengine wote walishahamia kwenye saruji, kazi ya siku mbili na malipo mkononi.

Alikuwa amezeeka. Mwembamba, goti moja haliendi sawa na lenzake, kope zina vumbi jeupe kana kwamba alizaliwa nalo. Aliwahi naye kujaribu saruji, aliniambia baadaye, akajenga maghala miaka sita. Akaacha kwa sababu saruji haimwachii mtu nafasi ya kufikiri, ukikosea asubuhi, jioni umeshachelewa. Chokaa inakusubiri, na ukikosea inakubali urudi.

"Nitakuja," akasema.

"Lini?"

Akanitazama. Wote wawili tukaangua kicheko.

Alikuja kesho yake kweli, akachimba shimo uani, akamwaga mawe ya chokaa iliyochomwa, akaimwagia maji. Ikachemka na kutoa moshi kama sufuria. Akaifunika kwa magunia mabichi. Kisha akakaa. Wiki ya kwanza anakoroga na kufunika. Wiki ya pili anakoroga na kufunika. Wiki ya tatu nikatoka na mkasi mkononi.

"Fundi, hiyo ni chokaa au ni uji wa mgonjwa? Nina miezi mitatu, mmoja unakaribia kwisha na ukuta hujaugusa!"

"Fundi mwenzangu, wewe kitambaa kipya hukiloweki kwanza kabla hujakikata?"

"Nakiloweka."

"Kwa nini?"

"Kisije kikajikunyata baada ya kushonwa."

"Haya," akasema, akaendelea kukoroga. Nikarudi ndani nikiwa nimefura kuliko ukuta wenyewe.

Mwezi wa pili akaweka magogo ya kuegemeza boriti za juu, akaanza kuing'oa saruji yangu kwa patasi na nyundo. Aling'oa kipande kimoja kimoja. Na kila Jumanne aliniuliza, "Huendi sokoni leo?" Nikamwambia siendi, nina kazi. "Uzi haujakuishia?" Haujaniishia. Nikaanza kumtilia shaka. Mtu mzima anauliza habari za uzi wangu, ana lake jambo. Kabati kubwa la vyombo lililoegemea ukuta huo nalo hakutaka liguswe. "Hilo liache, nitalifikia." Lilikuwa kabati la Baba, zito kama deni la mazishi, na rafu yake ya chini kabisa ilikuwa yake mwenyewe: ubao wa drafti, magazeti, miwani yake mibovu. Tangu afariki sikuwa na moyo wa kuifungua.

Jumatatu moja saruji yote ilikuwa imetoka, isipokuwa nyuma ya kabati. Fundi aliniita. Mawe yalikuwa meusi kwa maji. Akalishika moja kwa vidole viwili, likamong'onyoka kama mkate uliolowa chai.

"Hii nini?" nikauliza.

"Maji yanapanda kutoka ardhini. Nyumba hizi hazina msingi wa kuyazuia, kwa hiyo waliotangulia walizipaka chokaa, maji yakafika ukutani yakatokea nje yakakauka. Ile chokaa ndiyo inayopukutika, unaipaka tena, ukuta unabaki salama. Sasa ukiuziba mdomo..." Alikuwa ameniona uso.

"Ukiuziba mdomo kwa saruji," nikamalizia mimi.

"Ilikuwa kazi safi," akasema haraka. "Ilishika kwelikweli. Imenisumbua kuing'oa."

Maskini, alitaka kunifariji. Nilikaa kwenye kiti nikashika tama. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo hiyo nilishona mwenyewe. Miaka thelathini nimewaonyesha wageni kitu kilichokuwa kinaila nyumba ya baba yangu, tena kwa majigambo. Nililia, sioni aibu kusema. Fundi alisimama na patasi yake asijue aitie wapi.

Jioni hiyo nikampigia Kaka simu. Nikamwambia ameshinda, alete ile fomu kesho saa nane, nitatia sahihi. Hakushangilia. Aliuliza tu, "Umekula?" Kisha nikamwambia Fundi akusanye vifaa vyake.

"Kesho," akasema.

"Fundi, safari hii usinichezee."

"Kesho nitakusanya. Leo goti linauma."

Kesho yake ilikuwa Jumanne. Nilikwenda sokoni kwa mazoea tu, miguu ilinipeleka. Nikasimama mbele ya muuza uzi, akanionyesha bluu, akanionyesha kijani, nikawa naziona zote sawa. Akasema, "Mama, unaumwa?" Nikageuza nikarudi nyumbani hata saa haijapita.

Naingia chumba cha kulia, nini naona? Sahani zangu zote zimepangwa sakafuni. Ubao wa drafti uko juu ya kiti. Na nusu ya Fundi Kesho imeingia kabatini. Miguu na makalio nje, kichwa na mikono ndani, nyundo inalia ko, ko, ko.

"Ala! Fundi! Umerukwa na akili? Unavunja kabati la marehemu?"

Aliruka akajigonga kichwa. Akatoka kinyumenyume, amepauka vumbi, na mikononi ameshika jiwe moja kubwa kama mtoto mchanga. Jeupe. Zima.

"Umewahi kurudi," akasema, kana kwamba kosa ni langu.

"Nimewahi kurudi kwangu! Jiwe hilo umelitoa wapi?"

Nikamsukuma kando, nikapiga magoti nikaingiza kichwa. Rafu ya chini ilikuwa na kitambaa nyuma, pazia dogo la maua ambalo Baba aliniomba nimshonee zamani hizo, eti vumbi lisiingie kwenye magazeti yake. Nilimshonea kwa pindo mbili. Sasa pazia lilikuwa limesogezwa, na nyuma yake hapakuwa na ubao. Kabati halikuwa na mgongo. Ulikuwa umekatwa kwa msumeno, vizuri, pande zote nne, na pale palipopaswa kuwa na mbao palikuwa na ukuta wenyewe.

Haukuwa na saruji. Ulikuwa wa chokaa, upana wa kabati, na boriti kubwa ya nyumba inapumzika juu yake hasa. Sehemu ya chini ilikuwa imeanza kumeguka, lakini juu ilikuwa imara, na kando ya tundu alilotolea jiwe, mtu alikuwa ameibonyeza chokaa mbichi kwa kiganja ili ishike. Kazi ya mtu asiye fundi, mabonde na milima. Alama ya mkono ilionekana wazi. Nikaweka mkono wangu juu yake. Kidole changu cha shahada kilibaki hewani, hakikupata pa kukaa.

Sijui nilikaa humo kabatini muda gani.

"Aliniapisha," Fundi akasema nyuma yangu, taratibu. "Mwaka ule ule ulioupiga saruji nilimwambia, rafiki, hii itakuangushia nyumba, niruhusu niitoe. Akasema, fundi, ukuta ni mawe, lakini yule ni mtoto wangu na hilo ni jasho lake la kwanza. Siwezi kumwambia. Ndiyo tukalikata kabati mgongo, tukaing'oa saruji ya nyuma yake. Mimi naleta chokaa, yeye anapaka kila inapopukutika, Jumanne ukiwa sokoni. Nilimfundisha, lakini mkono wake ulikuwa mzito. Tukimaliza tunatoa drafti."

"Na lile vumbi la miguu yako nililokuwa nakusema..."

"Halikuwa la miguu yangu peke yake."

Nikacheka na kulia kwa pamoja, kichwa bado kabatini. Jumanne zile zote! Wazee wazima wawili wanajificha kama wezi wa sukari, na mimi narudi na vikapu nawagombeza kwa ajili ya sakafu.

"Nilitaka nitoe jiwe moja nikuonyeshe," akasema. "Uone ukuta haujafa, bila kujua nimelitoa wapi. Pale alipopaka, mawe yote ni mazima. Boriti imekaa hapo, ndiyo maana hukuangukiwa miaka yote hii. Alipofariki sikuwa na sababu ya kuja tena, ndipo ukafura. Hilo kosa langu, ningetafuta sababu." Akaniwekea jiwe mapajani. "Pembeni tutajenga upya. Hapa katikati pana pa kushikia. Nipe siku zilizobaki."

Kaka alifika saa nane na fomu. Nilimshika shingo, mtu na kipara chake, nikamwinamisha kabatini. Alipotoka alikuwa na chokaa puani, akaikunja fomu mara nne, akaitia chini ya mguu wa meza yangu ya kukatia uliokuwa unayumba.

"Mwiko mwingine uko wapi?" akamuuliza Fundi.

Hatukulala usingizi wa kushiba mwezi ule. Fundi alijenga, Kaka alibeba mawe na kulalamikia kiuno, mimi nilichekecha mchanga kwa chekecheke na kunyunyizia chokaa maji kila saa isikauke haraka, cherehani imenyamaza, wateja wananitukana kwa haki. Fundi hakubadilisha mwendo wake hata siku moja. Nikimwuliza tabaka la pili lini, jibu mnalijua. Lakini sikutoka tena na mkasi. Nilikuwa nakaa juu ya ndoo namtazama anavyoubembeleza ukuta kwa mgongo wa mwiko, anausikiliza, anarudia pale pale, na mara moja moja namwuliza Baba alikuwa anasema nini siku hizo. "Alikuwa anaiba kete," akasema. "Ukigeuka tu, kete imehama."

Mkaguzi alirudi mawingu yakiwa yameshaanza kukaa. Akaning'iniza timazi kutoka juu, uzi ukashuka sambamba na ukuta bila kugusa. Akagonga kila mahali. Ukuta ulijibu sauti moja. Akatoka nje, na badala ya kuipaka rangi juu ile X, aliomba brashi na maji akaisugua mwenyewe mpaka ikatoka. Kisha akarudi ndani akachungulia kabatini, kwa sababu nilimwambia achungulie.

"Hiki kiraka cha zamani, fundi wake nani? Kimeshika boriti, lakini lipu yake, samahani, mbaya sana."

"Mbaya kabisa," nikasema. "Usikiguse."

Fundi alitaka kuisawazisha siku ya mwisho, apitishe tabaka moja jembamba ifanane na penginepo. Nilimkatalia. Kaka naye alitaka kumwita seremala alitie kabati mgongo mpya. Nikamkatalia pia, na pazia la maua nikalifumua pindo, nikalifanya kitambaa cha kufutia cherehani. Rafu ya chini nimeipanga sahani, na Jumanne siendi tena sokoni kabla ya saa sita, maana Fundi Kesho anakuja na ananishinda drafti vibaya, na mimi sijui kuiba kete.

Mgeni akija bado namwonyesha ukuta, tabia haiponi. Namwambia, huu wote unaouona ni kazi ya huyu mzee hapa mwenye goti bovu. Kisha namwambia achukue sahani, tule. Anainama, anafungua kabati, anatoa sahani ya juu. Nyuma yake kuna mkono wa vidole vinne.